Tairi la Spea la Gari la Msiba

Mhoja wa Sapiwi alikuwa dereva asiyelipwa, na hilo hakuwahi kulilalamikia. Alichokilalamikia, asubuhi, mchana na jioni, ni tairi la spea.

Gari lenyewe ni pikapu kuukuu ya chama chao cha kufa na kuzikana. Mtu akifariki, hata akiwa mbali, Mhoja ndiye humfuata na kumrudisha kwao. Kazi nyingine gari halina. Ukimwambia mgonjwa apande aende hospitali Bariadi, atakujibu heri bodaboda imrushe njia nzima kuliko kupanda gari la msiba angali anapumua. Hata mama yake mzazi Mhoja, mayu Monika, mwenye presha na miguu ya kuvimba, kliniki alikwenda kwa bodaboda, na akirudi hawezi hata kuinua sufuria.

Sasa, hilo tairi la spea lilining'inia chini ya bodi tangu gari linunuliwe. Halikuwahi kugusa barabara. Kashata zake, yale meno ya kukanyagia, zilikuwa nene, hazijalika hata kidogo, na wanachama walijivunia kabisa: "Spea yetu mpya hiyo!" Mpya! Mpira umepigwa joto na vumbi miaka nenda rudi, umepasukapasuka ubavuni kama kisigino cha mvuna pamba, lakini kwa kuwa haujatumika, basi mpya. Jamani! Kwani mtu asiyefanya kazi hazeeki?

Likaja kuwaumbua walipokuwa wakitoka Mwandoya na mwili wa marehemu. Tairi la nyuma lilipata pancha, Mhoja akafunga hilo "jipya", na kabla hajaingiza gia ya tatu likapasuka, pu! Wakakaa porini na jeneza lao mpaka lori la ng'ombe lilipopita likawaokoa. Mjane alikuwa amekaa kwenye majani, machozi yamemwishia, akamwuliza Mhoja kwa upole, "Baba, hata leo?" Neno hilo lilimkaa Mhoja kifuani. Akaapa kwamba bila spea ya maana haendi popote, afe afaye.

Kikao kikaitwa kwenye ghala la pamba. Debora, mweka hazina, akasema hela ipo. Mhoja akaeleza taratibu, kama anayemlisha mtoto uji: linunuliwe tairi jipya, lifungwe mbele, na lile zuri la mbele lishuke liwe spea. Kisha yawe yanazungushwa, lisiwepo la kuzeekea chini ya bodi. Shigela, mjuaji wa kila jambo, akang'ang'ania mtumba. Mwingine akasema lile lililopasuka lishonwe. Lishonwe! Walibishana mpaka njaa ikawauma, ndipo wakakubali jipya. Mhoja nusura apige makofi.

"Haya," akasema mwenyekiti Constantine, "nani anakwenda kulinunua?"

Mmoja akakuna kichwa, mwingine akakumbuka ng'ombe wake hawajanywa maji.

Na sababu yao ndiyo hii. Kwenye chama kile, kitu cha gari huitwa kwa jina la aliyekwenda kukinunua. Betri inaitwa betri ya Ngassa. Mzee Ngassa aliileta mwenyewe kutoka Bariadi, na mwezi haukuisha, akawa yeye ndiye wa kwanza kubebwa nayo. Kwamba Ngassa alikuwa mkongwe wa kushikwa mkono, amekohoa tangu mvua za mwaka juzi, hilo hakuna aliyelikumbuka. Basi ikawa sheria: ukilinunulia gari la msiba kitu wakati hakuna msiba, umejiandalia safari. Na msiba ukiwapo, nani ana nafasi ya kwenda Bariadi kuchagua tairi? Ebo! Sasa linunuliwe lini?

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Mhoja akafoka.

"Usitutajie hayo, baba," Debora akamkemea, huku akijifunga kanga upya kana kwamba upepo mbaya umepita.

"Mbona hulinunui wewe, dereva?" akauliza Constantine.

"Mimi naendesha, tena bure. Na kununua pia niwe mimi? Hiyo ni haki?"

Wakakubali kwamba si haki. Kikao kikaahirishwa. Kilichofuata kikawa vilevile, na kingine tena, maneno yaleyale, kukuna vichwa kulekule.

Mhoja alirudi nyumbani akiwa amefura. Mama yake alikuwa barazani anapeta choroko. "Wajinga hawa, mayu! Watu wazima na akili zao wanaogopa mpira!"

Mayu Monika akaweka ungo chini. "Basi nitalinunua mimi. Nipeleke Bariadi nilishike kwa mkono wangu, uwaambie ni tairi la Monika. Mimi nimeshazeeka, kifo kinanijua kwa jina."

"Hapana!" Mhoja alisema kwa kishindo hata kuku wakatawanyika.

Mama akamtazama. "Kwa nini, ng'wanone, mwanangu? Si mpira tu?"

Aibu ilimshika Mhoja mpaka masikioni. Aliogopa, ndiyo ukweli wake. Alikuwa ameogopa tangu kikao cha kwanza, na yale maneno yake ya haki yalikuwa ya kujifichia tu.

Kesho yake akachukua hela kwa Debora, akaenda Bariadi. Alisoma ubavuni tarehe ya kutengenezwa, asije akauziwa lililozeekea dukani. Alilinunua huku akimtukana Shigela kimoyomoyo bila sababu, akarudi nalo mpaka ghalani, watu wamejaa.

"Tairi la nani?" akauliza Constantine.

Mhoja akalibwaga chini. "La Mhoja."

Basi wakaanza kuja mmoja mmoja kumpa mkono. "Pole sana, baba." "Pole, Mhoja." Debora akajifuta macho kwa pindo la kanga. Shigela akamshika bega, akamwuliza kwa huruma kama watoto wanaijua mipaka ya shamba lake la dengu.

"Pole ya nini?" Mhoja akapiga kelele. "Niko hai! Mnaniona niko hai!"

"Ndiyo, ndiyo," wakamtuliza, wakazidi kumsikitikia.

Mayu Monika alikuwa amefika na fimbo yake. Akapenya katikati yao bila salamu, akafungua mlango wa mbele wa pikapu, akajivuta mpaka akaketi.

"Mhoja, kesho ni kliniki yangu. Utanipeleka na hili."

"Mayu," Constantine akasema kwa adabu, "hilo ni gari la..."

"Najua ni la nini. Siku ya kulazwa huko nyuma itafika tu, sina haraka nayo. Kwa sasa nalipanda nimekaa."

Baadaye Shigela, ambaye goti lilikuwa linamsumbua tangu masika, akasogea dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama hapo mbele kuna nafasi ya mtu mwingine.