Anayesaka kilio cha mama yake mtandaoni kila asubuhi

Saa mbili kasoro asubuhi, mjini Bukoba. Mvua iliyotoka ziwani inapiga bati la chumba cha kupanga ambamo ukurasa mmoja wa habari za mtandaoni umeweka ofisi yake. Evodia Kyaruzi anafungua daftari kubwa, lile la wanafunzi wa sekondari, anapachika vipokea sauti masikioni na kuwasha kompyuta. Kabla hajagusa kazi ya mwajiri, anafanya yake kwanza.

Anaandika jina la kijiji alichozaliwa, Kishanda, wilayani Muleba. Mbele yake anaongeza neno "kilio". Halafu anabonyeza kutafuta.

Video ya kwanza siyo. Ya pili siyo. Ya tatu ni mama yake mzazi, amepiga magoti kando ya kaburi katikati ya migomba, kitenge kimemdondoka mabegani.

"Hii ni mpya, jana haikuwepo," anasema bila kuinua macho. "Wameikata mwanzo, wakaweka muziki."

Anaandika namba 24 kwenye daftari, anatuma malalamiko kwa wenye mtandao, kisha anaifunga. Nakala ishirini na nne tangu Februari. Zilizoondolewa ni tisa.

Evodia, mwenye umri wa miaka 31, ni mtafiti wa maudhui. Kazi hiyo aliwahi kumweleza shangazi yake akashindwa. Shangazi aliuliza kama serikali inajua kuwa kuna watu wazima wanaolipwa kuangalia simu. Kwa kifupi, anatazama video fupi zipatazo mia mbili kwa siku, anaandika zipi zimetazamwa sana na kwa nini, na kila Ijumaa anampa bosi wake ripoti ya kurasa mbili. Ripoti hiyo ndiyo inayoamua wapiga picha waende wapi wiki inayofuata. Analipwa shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi.

Na kazi anaiweza. Daftari lake linajua kwamba senene, wale panzi wa kukaanga, wakianza kuanguka mwezi wa kumi na moja, kila kikaangio kinachotoa moshi kinapata watazamaji. Linajua kwamba harusi ya kanisani haina watazamaji hadi bibi harusi alie. Linajua kwamba mwizi wa ndizi akikamatwa, watu huangalia mara mbili.

Mwaka jana mwezi wa nane aliandika ukurasa ambao sasa anaufunika kwa kiganja anapoufikia. Alikuwa amelinganisha video arobaini za misiba. Anausoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe.

"Mama akilia, sekunde tatu za kwanza. Jina la mtu litajwe. Akilia Kihaya, iwekwe tafsiri ya Kiswahili chini, watazamaji wanaongezeka mara mbili."

Bosi wake, Najibu, alimsifu mbele ya wenzake, akabandika nakala ya ukurasa huo ukutani kwake. Siku ile Evodia alifurahi sana, na hafichi.

Februari mwaka huu mdogo wake, Mwesiga, fundi uashi wa miaka 24 aliyekuwa akifanya kazi Kamachumu, alirudi nyumbani Kishanda akilalamika tumbo. Kesho yake alikuwa hawezi kusimama. Pikipiki ilimbeba nusu ya safari, ikakwama kwenye tope. Alifia njiani. Utumbo ulikuwa umepasuka.

Alizikwa kibanjani, kwenye shamba la migomba la familia, karibu na baba yake. Ofisi nzima ilikuja kutoka Bukoba kumpa pole Evodia, na mpiga picha akiwemo, na kamera yake begani. Evodia alimwona akipiga picha. Akadhani ni za kumbukumbu ya familia.

Mama yake, Bi Klaudia, 67, alilia kama wanawake wa kwao wanavyolia, kwa maneno. Katika maneno hayo alimtaja shemeji yake, Byabato, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye kibanja chake kimepakana na chake.

"Byabato, gari lako lilikuwa linalinda nini uani, mwanangu akifa?"

Kila aliyekuwa pale alijua kwamba gari lile lilikuwa halina giaboksi kwa wiki tatu. Bi Klaudia mwenyewe alijua. Lakini Kishanda hakuna anayemshika mtu kwa alichosema akilia. Mfiwa anaweza kumlaumu padri, jirani, hata Mungu. Udongo ukisharudishwa, hakuna anayeyarudia maneno yale, na anayeyarudia ndiye anayeonekana mtovu wa adabu. Jioni ile Byabato alikula nyumbani kwa shemeji yake, tena ndiye aliyewagawia wageni ndizi.

Siku ya nne Evodia alirudi kazini, macho yamevimba. Alifungua orodha ya video za siku. Kama kawaida yake, alisoma namba kwanza, akaandika kwenye daftari: watazamaji 412,000, ya kwanza mkoani. Ndipo akatazama picha.

"Niliandika namba ya mama yangu kabla sijajua ni mama yangu," anasema. "Ilikuwa na kila kitu. Sekunde tatu. Jina. Tafsiri. Waliifuata karatasi yangu neno kwa neno."

Alimwomba Najibu aitoe. Najibu, ambaye si mtu mkatili na ndiye aliyenunua jeneza la Mwesiga, aliomba apewe siku mbili. Akachukua sita. Alipoifuta ilikuwa imetazamwa na watu laki sita, na kurasa nyingine zilikuwa zimeshajichotea.

"Nilikosea kuchelewa," anakiri Najibu. "Lakini ukurasa wetu haukuwahi kupata watazamaji wengi namna ile, na mishahara inatoka hukohuko. Evodia mwenyewe anajua."

Anajua sana, na hilo ndilo linalomnyima usingizi.

Watu laki sita hawajui habari za giaboksi. Chini ya video waliandika "muuaji", wakaandika jina kamili la Byabato na mahali lilipo duka lake la vifaa vya ujenzi, Nshamba. Wateja walipungua hadi akaajiri mtu mwingine akae kaunta. Mwanawe wa kidato cha pili alirudi nyumbani kwa miguu akisema harudi tena shule.

Mwezi wa tatu Byabato aliziba kwa miti njia iliyounganisha vibanja viwili, njia ambayo Bi Klaudia aliipita kwenda kisimani kwa miaka arobaini na mmoja. Sasa anazunguka kwa barabara, na ndoo kichwani.

Kwa simu, Byabato anaongea taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Shemeji simlaumu. Aliyoyasema kaburini niliyaacha palepale. Lakini walionitukana siwaoni, sijui wanakaa wapi. Nitakwenda kumjibu nani? Njia nimeiziba kwa sababu kila nikimwona ninaisikia ile sauti ya kwenye simu."

Kuna jambo baya zaidi. Kwa ukoo wao, matanga hayaondolewi mpaka ndugu wa kiume wa baba wa marehemu asimame aseme neno. Ndugu wa kiume aliyebaki ni Byabato peke yake, na hajaja. Kwa hiyo miezi mitano baadaye nyasi za msiba, zile wanazokalia waombolezaji, bado zimetandikwa sebuleni kwa Bi Klaudia, zimekauka na kugeuka vumbi. Haendi harusini. Haimbi tena kwaya. Kahawa imeiva hadi inadondoka yenyewe, kwa sababu aliyekuwa akimsaidia kuichuma kila mwaka alikuwa shemeji yake.

"Mwanangu hajamaliza kuzikwa, waitu, jamani," anasema Bi Klaudia, ameketi juu ya nyasi hizo. Simu hana, na video hajawahi kuiona. "Wananiambia nilisema. Mimi sikusema. Nililia."

Kumwona akitamka hayo kunauma.

Kila jioni, kwenye kikapu kidogo cha ukili, anaweka buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile za kutafunwa na mgeni. Zikishika unyevu anazianika upya. Evodia alimpelekea Byabato kikapu hicho mwezi wa tano. Baba mdogo wake alimkaribisha kiti, akamuulizia kazi, lakini hakutia mkono kikapuni; kwao, anayetafuna buni za mtu amekubali kupatana naye.

Kwa nini haachi kazi? Swali hilo analijibu kwa hasira kidogo. "Nikiacha mama atakula nini? Na karatasi yangu itaacha kufanya kazi? Itabaki palepale ukutani kwa Najibu." Alichofanikiwa ni kuweka kanuni moja mpya ofisini: hakuna kilio kitakachotafsiriwa bila mfiwa kusomewa tafsiri hiyo kwanza. Ripoti zake za misiba amezisimamisha. Watazamaji wa ukurasa wamepungua kwa theluthi, na Najibu ameanza kulitaja hilo kila Ijumaa.

Jumapili hii anakwenda Kishanda. Safari hii mama yake atakibeba kikapu mwenyewe, watapita kwa barabara wote wawili mpaka mlangoni kwa Byabato. Najibu ameomba mpiga picha afuatane nao, ili watu wawaone wakipatana na jina la Byabato lisafike.

Evodia analifungua daftari kwenye ukurasa wa video za watu waliopatanishwa. Ziko kumi na moja. Iliyofanya vizuri kuliko zote ilitazamwa na watu 900, na wengi waliondoka kabla ya sekunde ya kumi.

"Waliomwita muuaji hawatakuja kuangalia," anasema. "Nimemwambia Najibu hapana. Simu yangu pia naiacha hapa Bukoba, kwenye droo hii."

Anafunga daftari na kuliweka juu ya kompyuta.

"Baba mdogo akitafuna buni moja tu, mama atazifagia zile nyasi. Asipotafuna, tutarudi Jumapili nyingine."