Vitambaa Vinane Vyekundu

Percy Hogben alikuwa na kidole cha shahada chekundu kama pilipili. Hakuzaliwa nacho. Alikisugua kwa mafuta ya taa, akakisugua kwa mchanga na sabuni ya kufulia, wapi! Watu wa Wickfold waliapa kwamba akikinyoosha barabarani basi la mjini hufunga breki, na kwamba siku akifa watamzika mkono mmoja ukiwa nje ili makaburini pasiwe na giza. Waongo wakubwa wale. Lakini kidole kilikuwa chekundu kweli, na kilitokana na vita.

Wakati wa vita Percy alikuwa fundi wa bunduki kwenye uwanja wa ndege wa hapohapo Wickfold. Kila ndege ya kivita ilificha bunduki nane ndani ya mabawa, nne huku na nne huku, kila moja ikichungulia kwenye tundu lake. Unyevu ukiingia tunduni huganda huko juu, na rubani akibonyeza kitufe bunduki inakohoa tu. Kwa hiyo Percy, akishajaza risasi, alibandika kitambaa chekundu juu ya kila tundu kwa gundi inayonuka hadi mbwa wanatoa machozi. Risasi ya kwanza ndiyo iliyokichana. Ndege zikirudi, vijana wa chini hawakumwuliza rubani kitu. Walitazama mabawa. Vitambaa vimechanika: kapigana. Vizima: kaenda kutembea. Hiyo ndiyo barua ya rubani, na walioisoma ni mafundi peke yao.

Sasa, Septemba ya mwaka wa arobaini, ndege mbili ziliruka pamoja. Ya mbele ilikuwa ya Kapteni Hugo Carrow, mkubwa wa kikosi. Ya nyuma ilikuwa ya Sajini Len Pilcher, mtoto wa kijijini, ambaye kila akiruka alipita juu ya kamba ya nguo ya mama yake chini kiasi cha kumwanikia shuka, na Mama Pilcher akimtishia ngumi huku anacheka.

Ikarudi moja.

Percy alikimbilia ndege ya kapteni. Vitambaa vyote vinane vilikuwa vizima, vinang'aa vilevile alivyovibandika asubuhi. Kapteni alikuwa ndani, barakoa bado usoni, analia kwa kwikwi kama aliyenyimwa uji.

"Hogben, unaona nini?"

"Naona mabawa, afande."

"Walikuwa thelathini. Mikono ilikataa. Len aliwaingia peke yake, mimi mikono ilikataa."

Percy alikuwa na miaka ishirini. Aliwatazama vijana wanaokuja mbio, akafikiri: hawa wakijua, kesho nani atawaongoza juu? Akamwonea kapteni huruma. Akapita mbele ya mabawa na kidole chake, tobo, tobo, tobo, akavichana vyote vinane, na wekundu ukamganda kidoleni. Kisha kwenye daftari akaandika amejaza risasi upya, katika masanduku ambayo hayakupungua hata risasi moja.

Kumbe jioni ile kapteni naye aliandika yake. Aliandika kwamba alipigana peke yake mpaka risasi zikamwishia, kwa sababu Sajini Pilcher aligeuza ndege akakimbia, na akapigwa akiwa anakimbia. Percy alipopata habari, udongo wa kaburi la Len ulikuwa bado mbichi. Aseme nini? Daftari lina mwandiko wake. Kudanganya daftari wakati wa vita ni jela, na neno la fundi mbele ya neno la ofisa ni sawa na kupiga chafya kanisani. Akanyamaza. Baada ya wiki mbili akapewa cheo cha koplo.

Mama Pilcher alipata simu ya maandishi tu kwamba mwanawe amekufa vitani. Hakuna aliyemwambia lingine. Vita vikaisha, Percy akafungua banda la kutengeneza baiskeli nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Pilcher, na kila Jumapili, miaka kumi na mitano, yule mama alimletea pai ya nyama na figo iliyofunikwa kitambaa.

"Kula, mwanangu. Mikono yako ndiyo iliyomgusa Len mwisho."

Naye akala.

Ndipo walipokuja watu wa sinema. Carrow alikuwa ameandika kitabu cha maisha yake, amepata heshima na kitambi, na sasa kitabu kinageuzwa filamu. Walifika Wickfold na magari ishirini, wakaamsha uwanja uliokuwa umelala na kondoo wake. Mwongozaji wao, Bwana Dacre, mtu mwembamba wa kuweza kujificha nyuma ya sigara yake, alitafuta anayejua gundi ya zamani. Wakampeleka kwa Percy.

"Haya, Percy!" mwuza nyama akamtania. "Kidole chako kimepata kazi. Watakiandika jina kwenye bango, wewe mwenyewe wakusahau."

Mama Pilcher alinunua kofia mpya yenye cheri za bandia.

"Nasikia Len wangu yumo. Wamepata kijana mwenye masikio kama yake?"

"Masikio yapo, Mama Pilcher."

"Na anakufa vizuri?"

Percy akakohoa mpaka akaletewa maji.

Kwa maana alikuwa ameshasikia wanavyofanya mazoezi. Len wa sinema alitetemeka, alilia, aligeuza ndege na kukimbia. Carrow wa sinema, kijana aliyepakwa poda ambaye akipanda ngazi ya ndege hufumba macho, alipigana na mbingu nzima.

Percy alimfuata mwongozaji akiwa ameshika kofia mikononi.

"Bwana Dacre, lile la Sajini Pilcher halikuwa hivyo."

"Lilikuwaje?"

"Hakukimbia."

"Ulikuwepo juu?"

"Nilikuwa chini."

"Kapteni alikuwa juu, na ndiye aliyeandika. Una ushahidi gani, babu?"

Percy ndiyo kwanza alikuwa amefika arobaini, lakini alimezwa na lile neno babu, na daftari lenye mwandiko wake likamjia machoni. Akasema, "Sina."

Wiki ile Carrow mwenyewe alikuja kutazama. Akamkuta Percy peke yake kwenye bawa, na ndoo ya gundi.

"Hogben! Mzee mwenzangu! Bado unabandika?"

"Afande, mama yake yuko hai. Amenunua kofia."

Carrow alitazama kondoo. "Mimi sikukuagiza uvichane," akasema taratibu. "Ni kidole chako, Hogben. Si changu."

Akamwachia sigara juu ya bawa. Percy akaitumia kukorogea gundi.

Siku ya kupiga picha ya shujaa kurudi, kazi ya Percy ilikuwa kuvichana vitambaa kabla kamera haijazunguka. Waandishi wa magazeti walikuwapo, na Carrow amekaa kwenye kiti cha turubai. Percy alipita mbele ya mabawa, akasimama kwa kila kitambaa, na hakukigusa hata kimoja. Badala yake alikuwa amevipaka rangi mara mbili. Viliwaka.

Ndege ikaviringika ikasimama. Kamera ikapita polepole mbele ya mabawa, bunduki moja baada ya nyingine. Carrow akaviona. Akanyanyuka nusu, mdomo wazi. Percy, pembeni ya waandishi wote wale, akainua kile kidole akajikuna nacho pua. Carrow akisema neno moja, ataulizwa fundi. Akiulizwa fundi, fundi atajibu. Carrow akakaa.

"Nzuri sana!" akapiga kelele Bwana Dacre. "Wekundu umetoka vizuri!"

Percy alirudi nyumbani anapiga mluzi. Alijiona amesema. Amesema mbele ya Uingereza nzima, na hakuna wa kumfunga.

Filamu ilifika mjini majira ya kuchipua, Jumamosi saa tisa mchana, foleni ya kiingilio imefika mpaka kwenye duka la samaki na chipsi. Mama Pilcher alikaa katikati, cheri zinatikisika, Percy ubavuni pake. Len wa sinema alipogeuza ndege, mtu nyuma akapiga kelele, "Mwoga!" na wengine wakazomea, na watoto wakazomea kwa sababu wakubwa wanazomea. Mama Pilcher alivua kofia akaiweka mapajani.

Kisha vikaja. Vitambaa vinane, vikubwa kama milango, vyekundu, vizima, vinapita kimoja kimoja mbele ya watu mia nne. Percy alishika kiti. Akasubiri mtu mmoja tu agune. Watu mia nne wakampigia makofi Kapteni Carrow.

Nje, jua likiwa bado linawaka, Mama Pilcher aliketi kwenye benchi la kituo cha basi.

"Mama Pilcher, uliviona vile vitambaa?"

"Vitambaa gani?"

Akamwambia. Akaanza na gundi, akafika kwenye kidole, akamalizia na daftari. Alisema yote, hata cheo cha koplo. Mama Pilcher alisikiliza huku anazing'oa cheri kofiani, moja, nyingine, anazitia mfukoni.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Pai zangu zote zile, na ulijua."

"Lakini nimesema sasa, mama. Viko mle, kila mtu anaviona."

"Umemwambia nani? Umeviambia vitambaa." Alisimama. "Mimi sijui kusoma vitambaa, Bwana Hogben. Na wale mle ndani hawajui. Wanajua kusikia tu. Nao wamesikia mwoga."

Miaka kumi na mitano alimwita "mwanangu". Sasa "Bwana Hogben". Basi lilikuja, akapanda, Percy akabaki, hakuthubutu hata kunyoosha kidole.

Jumapili pai haikuja. Jumatatu, saa tisa mchana, Percy alilipa kiingilio chake akakaa katikati. Len alipozomewa alisimama.

"Si kweli!" akasema. "Ni Kapteni aliyeshindwa kupiga! Tazameni vitambaa! Nilivichana mimi!"

"Kaa chini, babu!"

"Kalewa mchana huyu!"

"Percy, kidole kimekupanda kichwani!"

Mwenye ukumbi alimshika kola, akamtoa nje taratibu, maana baiskeli yake ilitengenezwa na Percy. Mlango ukafungwa. Ndani makofi yakaanza. Vitambaa bila shaka vilikuwa vinapita.

Kwenye benchi la kituo alikaa Mama Pilcher, kofia kichwani, haina hata cheri moja.

"Nimesema, mama."

"Nilikuwa nasikiliza hapa nje," alisema bila kumtazama. "Sikusikia kitu." Akasogeza mkoba wake, si kumpa nafasi ya kukaa, bali kuujaza upande uliobaki. "Filamu iko mpaka Jumamosi. Kesho sema kwa sauti."