Upande wa Kushoto

Dada yangu Zena ni fundi wa nguo Mji wa Kale, na kwa ukaidi sijaona wa kumshinda. Bintiye, Nasiha, hajawahi kuvaa gauni lililoshonwa na mkono mwingine. Alipobaleghe, ziwa la kulia lilikua, la kushoto likabaki vilevile. Zena alikata sponji akaishonea ndani ya gauni upande wa kushoto, na tangu siku hiyo kila nguo ya mtoto hutoka na sponji yake. Mama hakutaja, mtoto hakuuliza.

Sasa Nasiha ni mtu mzima, ana kazi nzuri katika afisi ya mizigo bandarini. Mwaka huu alinijia mimi kwanza, kwa kuwa mamake ni wa kununa nami ni wa kusema. Alitaka kufanyiwa upasuaji, hilo dogo liongezwe lilingane na mwenzake. Nikamsindikiza kwa daktari. Tulielezwa yote, hatari na maumivu, na kwamba akitoka hataweza kuinua mikono kwa wiki kadhaa. Itabidi avae nguo za kufungua mbele.

Baadaye tuliketi bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, tukala mihogo ya pilipili na ndimu. Nikamchokoza, nikamuuliza ni mwanamume gani aliyemtia maneno hayo. Akacheka.

"Mama mdogo, kila siku napita Biashara Street. Nataka niingie dukani kama watu, nichukue nguo iliyotundikwa, niivae nitoke nayo."

Kisha machozi yakamlengalenga. Bila radhi za mamake, alisema, hakanyagi hospitali.

Zena alipoambiwa, alikuja juu. Nguo zake zinamkaa mtoto vizuri, nani aliyewahi kugundua? Nikamwambia aache kujitia hamnazo, mtoto hakatai ushonaji wake, anataka tu kununua gauni dukani kama wenzake. Tulirushiana maneno hadi nikamtajia zile nguo za kufungua mbele, na kwamba atahitajika mtu wa kumvisha. Hapo akaketi. Akalia, dada yangu huyu aliyejikaza hata msibani kwa mumewe. Alisema miaka yote hiyo alikuwa akishona sponji huku akimwomba mtoto msamaha moyoni, maana yeye ndiye aliyemzaa hivyo. Nilimshika mkono tu.

Siku zikapita, Nasiha anangoja jibu, mamake hasemi. Kilichosikika ni cherehani. Ijumaa, baada ya chakula, Zena akamwekea mapajani gauni jipya la pamba laini, vifungo vimeshuka mbele kutoka shingoni hadi chini. Nasiha akalikunjua, na vidole vikaenda vyenyewe upande wa kushoto, kama vilivyozoea. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Mama, huku hamna sponji."

"Ya nini tena?" Zena alijibu, huku akiokota vipande vya nyuzi mkekani. "Mikono hutaweza kuinua. Ntakuvisha mimi, na nywele ntakusuka mimi. Ukipona, ndipo uende huko dukani kwako."