Theluthi Yangu Kando ya Korongo

Wenzangu walikwenda hifadhini kuangalia wanyama. Mimi nilikwenda kumtafuta mmoja.

Tulikuwa akina mama kumi na wanane wa soko la Majengo, Dodoma, wengi wetu wauza nafaka. Tulikuwa tumeshona sare ya kitenge cha njano na kukodi Kosta ya kutupeleka kaskazini, kupita Kondoa na Kolo, hadi kwenye hifadhi ambayo wageni huijia kwa ndege na sisi majirani zake tulikuwa hatujawahi kuikanyaga. Wenzangu waliimba njia nzima. Nilipiga makofi pamoja nao ili wasiniulize kitu.

Mama yangu aliuawa na tembo miaka mitatu kabla ya safari ile, shambani kwetu Busi, msimu ambao mahindi yalikuwa yanaanza kubeba. Kila masika tembo hutoka hifadhini wakasambaa, na wengine hufuata makorongo yanayoteremka kutoka milimani kwetu. Alfajiri ile mama aliswali, akachukua debe lake na gongo la kulipigia, akaenda. Jirani mmoja aliyekuwa akifuata kuni ndiye aliyemkuta.

Simu nilipigiwa na mdogo wangu saa mbili asubuhi. Mimi na yeye tu ndio watoto wa mama; mimi nauza mchele na maharage Majengo, yeye alibaki Busi na mkewe kulima shamba. Aliniambia, "Dada, mama hatunaye. Tembo." Nyuma ya sauti yake nilisikia honi ya basi. Sikuiwekea maana yoyote. Niliacha magunia yakiwa wazi nikakimbilia stendi.

Nilifika Busi saa nane mchana nikaambiwa wamekwisha kuzika tangu kabla ya adhuhuri. Mdogo wangu alinishika mabega akasema hali ya mwili haikuruhusu kusubiri. Kwa hiyo mimi, binti pekee wa mama yangu, sikumwosha. Sikumvisha sanda. Nilionyeshwa udongo mbichi na kuambiwa nisome dua.

Baadaye walikuja maofisa, wakapima nyayo kwa utepe, wakaandika karatasi na kueleza kuhusu kifuta machozi, fedha ambazo serikali huwapa waliofiwa. Hayo ndiyo maneno yao, kifuta machozi. Nilimgeukia mdogo wangu nikamuuliza kama alimwona mnyama mwenyewe. Akasema alimwona kwa macho yake: dume kubwa, jino la kushoto limekatika nusu, na sikio la kulia limechanika kama kanga iliyonaswa na mwiba.

Nikamshika tembo huyo moyoni miaka mitatu. Nilikuwa nikipima maharage huku nikimwona. Palikuwa na muuza dawa za kuhifadhia nafaka upande wa pili wa soko; siku moja nilimuuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, ni dawa gani inaweza kumwangusha mnyama mkubwa akiila ndani ya boga. Alinitazama sana, akaniambia hayo mambo yana jela. Nikamwambia nilikuwa natania. Sikuwa natania. Ila sikutaka kuua tembo yeyote tu. Nilimtaka yule, na ndiyo maana kikundi kilipotangaza safari nilikuwa wa kwanza kujiandikisha.

Dereva wa hifadhi aliyetupokea alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mvi kwenye ndevu. Alitugawa kwenye magari mawili ya wazi. Mimi nilikaa mbele, karibu naye.

Siwezi kusema uongo: nilichokiona kilinishtua. Nyasi zote zilikuwa zimekauka, na katikati ya ukame ule mto ulikuwa umebaki na maji, na kila kiumbe kilikuwa kinauelekea. Pundamilia walikuja kwa mistari mirefu, mmoja nyuma ya mwenzake, kana kwamba kuna mtu amewapanga. Nyumbu wakafuata wameinamisha vichwa, vumbi likawafunika mpaka magoti. Dereva alieleza kwamba mvua zikinyesha wote hao huondoka, wakaenda kuzalia kwenye tambarare za mbali, kisha kiangazi kikibana hurudi kwenye mto huu huu. Mwenzangu mmoja akasema wana akili kuliko wanaume wa Dodoma, maana wao wakiondoka hurudi. Gari zima likacheka.

Nikamuuliza dereva, na tembo huenda wapi mvua zikinyesha.

"Huko nje," alisema. "Vijijini. Wanatembea kidogo, halafu wanarudi."

Wanatembea kidogo. Nilishika chuma cha kiti mpaka vidole vikauma.

Tuliwaona tembo makundi mawili, majike na watoto, na nikayakagua masikio yao moja moja. Kisha, kwenye kivuli cha mgunga, tukamkuta dume peke yake, anajimwagia vumbi mgongoni. Jino la kushoto limekatika nusu. Aligeuka kututazama, na sikio la kulia lilikuwa limechanika hadi katikati.

Dereva alizima gari. Alisema kwa fahari kwamba huyu ni mzee wao, wageni wanampenda kuliko wote, unaweza kusimama hapa saa nzima asikusogelee. "Hana neno na mtu," alisema.

"Ana neno na mimi," nikamwambia. "Alimuua mama yangu."

Wenzangu wote waligeuka kunitazama. Wengine walikuwa wakijua habari ya kifo, lakini si kwamba nilikuwa nikimtafuta. Dereva hakubisha haraka. Aliniuliza ni masika ya mwaka gani, na wapi. Nikamwambia. Akaweka mikono juu ya usukani, akazungumza taratibu, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. Alisema masika yale tembo huyu alikuwa amefungwa shingoni mkanda wenye chombo cha kuonyesha alipo, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaendesha watafiti waliomfuata. Masika yote yale alikwenda mashariki, upande wa wafugaji, na hakufika kabisa milima ya Kondoa. Tena jino lake wakati ule lilikuwa zima. Lilivunjika mwaka jana, alipopigana na dume mwenzake pale ng'ambo ya mto.

"Pole sana, mama," alisema. "Aliyemuua mama yako yupo, sikatai. Lakini siye huyu. Majino na masikio kama hayo wanayo madume wengi wazee."

Nilimtazama yule mnyama. Alikuwa anaendelea kujimwagia vumbi. Chuki niliyoilea miaka mitatu haikuwa na mahali pa kukaa tena, na haikutoka. Ilibaki kifuani inanizunguka. Kisha nikaisikia tena ile honi ya basi kwenye simu. Busi hakuna stendi.

Kesho yake, Kosta iliporudi, nilishuka Kondoa nikachukua bodaboda hadi Busi. Mdogo wangu alikuwa uwanjani anapura alizeti kwa fimbo, mkewe anapepeta kwa ungo. Aliniamkia, nikaitika, nikakaa juu ya kinu. Nikamwomba anieleze tena yule tembo alikuwaje.

Hakuacha kupura. Alisema dume kubwa, jino la kulia limevunjika.

"La kulia?"

"Kulia, au kushoto. Ni siku nyingi, dada."

"Asubuhi ile uliponipigia simu, ulikuwa wapi?"

Fimbo ikasimama. Mkewe aliweka ungo chini, akaingia ndani. Nikajua kwamba yeye alijua siku zote.

Alinieleza akiwa amesimama. Wiki ile zamu ya kulinda ilikuwa yake. Alitakiwa awe kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mazao, tangu kabla ya mapambazuko. Lakini ilikuwa siku yake ya pili Kondoa, kwa mwanamke mwingine. Mama aliona dungu halina mtu, akaenda mwenyewe. Yeye habari alizipata kwa simu akiwa stendi, na ndipo akanipigia mimi. Alifika nyumbani muda mfupi tu kabla ya mazishi. Hakumwona tembo, wala mkia wake. Maelezo yale aliyatunga kwa sababu nilimuuliza.

Nikamuuliza kuhusu kuzika. Aliangalia alizeti yake.

"Imamu alitaka kukusubiri mpaka alasiri," alisema. "Nikamwambia hutafika."

"Kwa nini?"

"Ungeuliza. Kama unavyouliza leo."

Sikumpiga, wala sikulia. Niliondoka bila kunywa maji. Njiani, nyuma ya bodaboda, nilipata utulivu ambao sikuwa nao tangu mama afe. Tembo ana milima ya kujificha. Mdogo wangu nilikuwa najua anapolala.

Sheria ya dini inanipa theluthi ya shamba la mama. Theluthi mbili ni zake. Tangu msiba nilikuwa nimemwachia alime lote. Mwezi ule nikakaa na imamu na wazee, nikadai haki yangu, na nikaomba nichague upande. Nilichagua ule wa chini, kando ya korongo, pale hasa wanapoingilia tembo. Watu walishangaa kwamba nimechukua sehemu mbaya. Mdogo wangu alinishukuru.

Mvua za kwanza zilipodondoka nilimtuma kibarua akapande maboga na matikiti theluthi yote, bila uzio. Nikamwambia asilinde. Niliacha yakomae, manono, yakinukia hadi mlimani.

Tembo walikuja watatu. Walikula maboga yangu, na yalipokwisha wakapanda kwenye mahindi yake. Alinipigia simu mara sita siku ile. Nilizihesabu, nikaifukia simu ndani ya gunia la maharage na kuendelea kuhudumia wateja. Mchana niliagiza wali kwa nyama nikala wote.

Nilikwenda kumwona mwezi uliofuata, nisikanushe. Nilisimama juu ya kilima jua likichomoza, nikamwona kwenye dungu, amekonda, anapiga debe. Kulikuwa na kitu kinatembea kwenye korongo, huenda hata ng'ombe wa watu, na kila majani yalipotikisika alisimama wima, akapiga kama kichaa. Nikajiambia, ndivyo mama alivyosikia mwilini mwake. Basi na wewe sikia.

Mwaka wa pili nikapanda tena. Imamu alinipigia, akaniambia ardhi ni yangu lakini nia ninaijua mwenyewe. Nikamjibu kwa adabu kwamba napenda maboga. Mwaka ule walivuna magunia manne tu, na nilipoambiwa hivyo sokoni na mtu wa kwetu nilifurahi waziwazi, mpaka akanitazama vibaya.

Aliyenisimamisha ni wifi yangu. Alikuja Majengo asubuhi moja na basi la kwanza, akakaa kwenye kigoda nyuma ya magunia mpaka wateja walipopungua. Nikamtangulia, nikamwambia kama amekuja kumwombea mumewe amepoteza nauli.

"Sikuja kumwombea," alisema. "Nimekuja kukueleza nilivyomwosha mama."

Miaka yote ile sikuwahi kumuuliza. Sikutaka kujua kwamba kuna mtu aliyefanya kazi yangu.

Alinieleza kwa sauti ya chini, mambo yote kwa mpangilio wake. Uso wa mama haukuguswa. Alikuwa kama aliyesinzia anachambua mchele. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikilia gongo, ikabidi wafungue vidole kimoja kimoja, na yeye ndiye aliyevifungua. Alichemsha majani ya mkunazi. Alimwaga maji upande wa kulia kwanza, akahakikisha ni ya uvuguvugu, kwa sababu mama alikuwa hapendi maji baridi. Alimsuka nywele mikia mitatu akailaza nyuma. Maji ya mwisho alitia karafuu maiti. Na alipomaliza, kabla ya kumfunika, alimwambia sikioni kwamba binti yake yuko njiani.

"Mimi nilijua unakuja," alisema. "Niliwaambia wakusubiri. Mimi ni mwanamke wa kuolewa pale, hawakunisikiliza."

Nililia mbele ya wateja, uso ndani ya kanga yangu. Alinishika mguu tu, hakunibembeleza. Baadaye alisema jambo moja kuhusu shamba: kwamba tangu mumewe aanze kuumwa kifua kwa baridi ya asubuhi, anayepanda dunguni na debe ni yeye.

Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nimemtega mtu mmoja, na mtegoni alikuwa amekaa mwingine, tena yule aliyemwosha mama yangu.

Wiki ile ile nilikwenda Busi, nikang'oa mashina ya maboga kwa mikono yangu, nikapanda pilipili, ambazo tembo hawazipendi. Theluthi nikamwandikia wifi yangu ailime na mavuno yawe yake, mbele ya wazee, mumewe akisikiliza. Nilisema wazi kwamba mdogo wangu hamo ndani ya jambo hilo, na kwamba sijamsamehe. Wazee walikohoa. Mmoja akasema damu ni damu. Nikasema ndiyo, ile ya mama.

Mfungo ulipokwisha mwaka huu mdogo wangu alikuja Majengo. Alisimama mbele ya meza yangu na kanzu yake ya sikukuu, amezeeka kunishinda mimi niliyemtangulia kuzaliwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," nikasema, kwa kuwa mama alitufundisha kuitika. Nyuma yake alikuwepo mteja anayetaka kilo mbili za mchele wa Kahama. Nikamwambia asogee pembeni mteja apite, nikachukua kopo, nikaanza kupima.