Diski Yenye Sauti ya Baba

Kompyuta ya dukani kwangu iligoma Jumatatu asubuhi, na kufikia mchana mama alishampigia simu mdogo wangu aliyeko Mlimba. Hakuniuliza. Mimi ndiye mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Ifakara, nimetengeneza kompyuta za walimu na za parokia, lakini kwa mama fundi ni mmoja tu, naye ni kitinda mimba wake.

Niseme ukweli, umeme ulikuwa unaingia. Feni ilizunguka, kisha kioo kikabaki cheusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe ya Kiingereza ukisema hakuna diski. Nilizima nikawasha. Nikachomoa memori, nikaifuta, nikairudisha. Nikaingia kwenye mipangilio ya mashine kuitafuta diski, haikuonekana kabisa. Nikatangaza kwamba imekufa.

Ndani ya diski hiyo mlikuwa na sauti ya baba. Miezi yake ya mwisho, alipokuwa hawezi kutoka kitandani, nilimrekodi akisimulia uvuvi wake mtoni, viboko, na mafuriko yaliyomchukulia mtumbwi. Nakala nyingine haikuwepo. Mdogo wangu alikuwa ameniomba mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia mtandao unasumbua, mara ya pili nikasema flashi imepotea, ya tatu nikanyamaza. Sikutaka kumpa, basi. Mimi ndiye niliyemgeuza baba na kumnywesha uji. Yeye alikuja kwenye msiba, watu wakamlilia kuliko walivyomlilia marehemu. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu peke yangu.

Alishuka treni Jumatano.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Mama alishachinja jogoo. Mimi ninayempelekea mboga kila siku sijawahi kuona hata bawa. Tena akaagiza kompyuta iletwe nyumbani kwake, ili mwanawe afanye kazi akiwa ameshiba. Niliibeba mwenyewe, roho inaniuma njia nzima.

Alipomaliza kula alinawa, akafungua kifuniko, akachomoa waya wa diski na kuutazama kwenye mwanga wa dirishani.

"Dada, duka si bado liko jirani na mashine ya kukoboa mpunga?"

"Liko."

"Basi hii haijafa. Imejaa vumbi la pumba tu."

Miaka yote hiyo nafuta vumbi la pumba juu ya meza, na waya ule sikuugusa. Akaomba raba ya penseli, akaanza kusugua meno ya shaba ya diski, polepole. Nilitamani ashindwe. Sauti ya baba yangu mzazi, nami naomba moyoni isipatikane, ili tu asiwe yeye aliyeipata.

Akarudisha waya, akabonyeza. Kompyuta ikawaka. Mama akapiga vigelegele mlangoni, na mimi nikasema asante kwa sauti ya mtu aliyemeza mwiba.

"Ngoja tunakili mafaili kabla haijagoma tena," alisema, akachomeka flashi yake. Sikuwa na la kumzuia. Kisha, kujaribu kama mafaili ni mazima, akafungua moja.

Baba akaanza kuongea. Alikuwa anaeleza jinsi ya kutega nyavu maji yanapopungua. Akakohoa, akauliza: "Mdogo wako kaja?"

Ikasikika sauti yangu, karibu kabisa na kinasa: "Bado, baba. Ana shughuli zake. Endelea."

Baba akaendelea. Baada ya muda akauliza tena, na mimi nikajibu yale yale. Mara ya tatu alilitaja tu jina la mdogo wangu.

Mdogo wangu akasimamisha sauti. Raba ilikuwa bado mkononi mwake. Mama alikuwa ameketi kizingitini, upande wa khanga mdomoni.

"Dada, wiki zile za mwisho za baba nilikuwa nakupigia kila siku. Unaniambia mzee anaendelea vizuri, nisiache kazi. Mbona hukuniambia kama ananiulizia?"

Nilikaribia kusema mtandao ulikuwa unasumbua.

"Kwa sababu ungekuja," nikasema.