Shingo ya Kiprono ilikuwa mikononi mwangu

Bila mimi, leo Molo tungekuwa na matanga.

Lori la viazi limegonga pikipiki ya boda hapa karibu na soko. Kijana Kiprono, mwenye hiyo boda, amelala kwa lami, analia shingo inauma.

Watu wakaanza: "Shika miguu! Mtupe kwa pikapu!"

Nikanguruma kama simba: "Hakuna mtu kumgusa! Mkimpinda shingo hatatembea tena!"

(Hiyo nilisikia kwa semina ya huduma ya kwanza kanisani. Nusu nililala, lakini hiyo nusu ingine niliishika.)

Nikapiga magoti, nikashika kichwa chake kwa mikono miwili, kisisonge hata kidogo. Mama mmoja anayeuza kabeji hapo sokoni akaita ambulensi. Tukangoja.

"Mzee, nitatembea kweli?"

"Wewe utanibeba na hiyo boda mpaka Nakuru!"

Ambulensi ikaja, wakamfunga shingo vizuri. Saa hii mamake amenipigia kutoka hospitali: miguu yote inasonga! Asante Mungu!

Sasa, kitu kimoja. Tukingoja, Kiprono aliniuliza, "Mzee, kwani mvua imeanza? Nasikia matone kwa uso."

Nikapepesa macho, nikamwambia, "Eeh, si unajua Molo na mvua yake."

Mliokuwa Molo leo, jua mliliona. Chekeni basi.