Zamu ya Simu

Je, baba aliamini kwamba nafasi yangu ingepatikana, au hakujua tena namna ya kuishi bila kungojea kitu? Nimelibeba swali hili tangu ujana, na sasa nimekaribia umri aliokuwa nao yeye wakati ule.

Ilikuwa Agosti, katikati ya miaka ya elfu mbili. Tuliishi Kingstanding, kitongoji cha jiji moja katika nchi ya Waingereza, katika nyumba ya halmashauri ya jiji yenye bustani ndogo ambayo mama aliilima mpaka karibu na mlango. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kuomba nafasi ya ile miaka miwili ya mwisho inayomfikisha mtu chuo kikuu. Chuo nilichokitaka kilipokea wachache na kukataa wengi. Matokeo yangu yalikuwa mazuri, lakini si mazuri kiasi cha kunipitisha moja kwa moja. Hawakunikubali, wala hawakunikataa. Waliniweka kwenye orodha ya akiba, wakasema nafasi ikipatikana watapiga simu.

Chuo kingine, cha kawaida, kilichokuwa Stechford, mtaa mwingine wa jiji lile, kilikuwa kimenikubali tayari. Kilitaka jambo moja tu: nifike mwenyewe kujiandikisha kabla ya wiki ya uandikishaji kwisha.

Msichana mwingine yeyote wa shule yetu angekwenda Stechford huku akiendelea kungojea. Sisi hatukufanya hivyo, na sababu yake ilitoka mbali. Baada ya kukimbia Kivu tuliishi miaka mingi kambini, upande wa Tanzania. Kule majina ya watu waliotarajiwa kupelekwa nchi za mbali yalibandikwa ubaoni, na mwenye jina alipaswa kuwepo anapoitwa. Jirani yetu mmoja alitoka kwenda kununua chumvi katika soko la nje ya kambi. Siku hiyo hiyo akaitwa kwenye mahojiano, akakosekana, na jina lake halikuonekana tena. Tuliiacha familia yake kule. Baba alilishika somo hilo kwa mwili wake wote: aliye kwenye orodha haondoki, halimi shamba jipya, na zaidi ya yote haonyeshi kwamba ana pengine pa kwenda.

Kwa hiyo tulipanga zamu. Kiti kimoja cha jikoni kilihamishiwa kwenye ukumbi mwembamba, kando ya simu. Baba, aliyefanya kazi ya usiku katika kiwanda cha taka kule Tyseley, alilala asubuhi na kukaa pale alasiri. Mama alikaa akichambua mboga mapajani. Saa nyingine zote zilikuwa zangu. Watu wa kanisani waliopiga hawakufika mwisho wa salamu.

"Bwana asifiwe, mama. Habari ya—"

"Amina. Tunangojea simu ya chuo. Weka chini," mama aliwakatiza.

Mdogo wangu, aliyesikia Kiswahili chote lakini akajibu kwa Kiingereza tu, aliniita askari wa geti. Kila akipita aliniuliza kama kuna mwizi aliyeonekana. Siku ya kwanza nilicheka. Baadaye nikawa ninainua mkono wa simu kusikiliza kama laini ni nzima, kisha ninaurudisha haraka kwa hofu kwamba labda walikuwa wakipiga sekunde ile. Sikuweza kusoma kitabu. Nilitazama ukuta ulio mbele yangu, rangi yake ikibanduka kando ya swichi, na polepole nikaanza kujiona kama mtu ambaye hakuna mahali palipoamua kuwa naye. Ile simu haikuja, wiki ile wala baada yake.

Siku moja kabla ya uandikishaji wa Stechford kufungwa, nilipiga mimi. Mwanamke wa ofisi ya kile chuo cha kwanza alinisikiliza kwa upole. Kujiandikisha kwingine hakutalifuta jina langu, alisema. Ila waliokuwa mbele yangu ni wengi, na angekuwa yeye, asingekaa akitegemea nafasi hiyo.

Nilimweleza baba alipokuwa akila ugali na sombe, kisamvu cha kwetu, kabla ya kwenda kazini.

"Kambini pia walisema jina halifutwi," alisema.

"Papa, hapa si kambini."

"Orodha ni orodha, mama," aliniambia. "Wakipiga na wewe haupo?"

"Watapiga tena."

"Yule jirani, walimwita tena?"

Mama alikuwa kwenye sinki na hakugeuka. "Na Stechford wakifunga, papa wa watoto? Mwaka mzima mtoto atasomea wapi? Kwenye kile kiti?"

Baba aliendelea kutafuna, ingawa sahani ilikuwa karibu tupu.

"Kesho nitaenda," nikasema.

Haikuwa sauti ya ujasiri. Mpaka siku ile sikuwa nimemwambia baba kwamba nitafanya jambo, nilikuwa nikiomba. Aliosha mikono, akavaa koti la kazi lenye mistari inayong'aa, akatoka. Vyeti vyetu vyote vilikuwa kwenye mkoba wake juu ya kabati, na hakuna aliyeugusa asipokuwepo. Nililala nikiufikiria ule mkoba.

Asubuhi aliporudi nilikuwa nimevaa tayari, nimesimama chini ya ngazi. Alinipita, akapanda juu, akashuka na karatasi zangu za matokeo na hati yangu ya ukaazi, ameziweka ndani ya mfuko safi wa nailoni. Akanikabidhi. Kisha akaketi kwenye kile kiti, koti bado mwilini, harufu ya kiwandani ikijaa ukumbini.

"Papa, hujalala."

"Enda. Basi litakuacha. Mimi niko hapa."

Nilipanda mabasi mawili. Stechford foleni ilikuwa fupi, na ukumbi ulinukia rangi mpya. Mwanamke wa mezani alikagua karatasi zangu, akaniuliza kama kuna chuo kingine ninachokingojea. Nikasema hapana. Akanisogezea fomu. Nikaandika jina langu na namba ya simu ya nyumbani, nikatia sahihi.